Nani Alipe Gharama za Bwawa? Mfano wa Colorado Kaskazini

Mkulima anayetegemea mto unaolishwa na theluji huonewa na kalenda. Theluji ya milimani huyeyuka mwezi Mei na Juni, mito ikafurika, na maji mengi yakapita mbele ya mashamba ambayo bado hayana haja nayo. Ifikapo Agosti, wakati mahindi yanajaza punje na bitiruti za sukari zinanenepesha mizizi yake ardhini, mto huwa umebaki kijito. Ukijumlisha maji ya mwaka mzima hutaona upungufu mkubwa. Maji yapo, ila hayapo wakati wake.

Dawa ya ugonjwa huo inajulikana tangu zama za kale, nayo ni bwawa. Kinachosumbua ni bei yake, na zaidi ya bei, ni wakati wa kuilipa. Visima vyaweza kuchimbwa kimoja kimoja, kila kimoja kikianza kutoa maji mara tu kinapokamilika, na mapato ya kile cha kwanza yakasaidia kuchimba cha pili. Bwawa halikubali utaratibu huo. Nusu ya ukuta haizuii nusu ya maji, haizuii kitu. Kwa hiyo gharama zote, au karibu zote, hutolewa kabla mkulima hajapata hata ndoo moja, na huenda miaka kumi au ishirini ikapita kati ya dola ya kwanza na tone la kwanza. Yule atakayekubali kuibeba miaka hiyo ya kungoja ndiye mlipaji hasa wa bwawa.

Namna mzigo huo unavyoweza kugawanywa inaonekana vizuri katika historia ya wakulima wa kaskazini mwa jimbo la Colorado, nchini Marekani, na mradi wao uitwao Colorado-Big Thompson.

Maji upande huu, mashamba upande ule

Milima ya Rockies huikata Colorado kutoka kaskazini hadi kusini. Mvua na theluji nyingi, kadiri ya asilimia 80, huanguka magharibi ya mgongo wa milima na kuelekea Mto Colorado. Watu wengi na ardhi kubwa ya kilimo wako mashariki, katika uwanda mkavu wa Mto South Platte na vijito vyake, kama vile Cache la Poudre na Big Thompson. Walowezi walianza kuchimba mifereji huko katika miaka ya 1860, na mji wa Greeley ulioanzishwa mwaka 1870 ulijengwa tangu mwanzo juu ya kilimo cha umwagiliaji. Sheria ya maji ya jimbo hilo ni fupi na kali: aliyetangulia kuyatumia maji ndiye hutangulia kupewa. Mwenye haki ya mwaka 1865 hupata maji yake yote kabla mwenye haki ya mwaka 1885 hajapata chochote. Kabla ya karne ya 19 kwisha, mito ya mashariki ilikuwa imekwisha kugawanywa hivyo, na waliochelewa waliambulia maji ya mafuriko tu.

Ukame wa miaka ya 1930 ulifika wakati bei za mazao zimeanguka. Mwaka 1935 wakulima na wafanyabiashara wa eneo hilo waliunda chama cha watumiaji maji, mmoja wa viongozi wake wakuu akiwa Charles Hansen, mhariri wa gazeti la Greeley. Azma yao ilikuwa kuyachukua maji kwenye chanzo cha Mto Colorado, upande wa magharibi, na kuyapitisha chini ya milima hadi mashariki.

Handaki lililochimbwa kwa kazi hiyo, ambalo huitwa Alva B. Adams, lina urefu wa kilometa 21 na kipenyo cha karibu meta 3. Huweza kupitisha meta za ujazo 15.6 kwa sekunde. Mradi ulipangwa kutoa, katika mwaka wa mgawo kamili, ekari-futi 310,000 za maji. Ekari-futi ni kipimo cha Kimarekani, yaani maji yanayoweza kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, ambayo ni kama meta za ujazo 1,233. Mgawo huo kamili basi ni meta za ujazo milioni 382. Mwanafunzi akigawanya kiasi hicho kwa 15.6 atapata sekunde milioni 24.5, yaani siku 284. Msimu wa kumwagilia hauzidi miezi michache, na mafuriko ya theluji hayadumu hata miezi mitatu. Handaki peke yake, kwa hiyo, lingekuwa bomba jembamba linalounganisha mafuriko mafupi na kiu fupi, na kushindwa kukidhi yote mawili.

Hapo ndipo mabwawa yanapoingia, nayo hayana budi kuwako pande zote mbili. Bwawa la Granby, magharibi, lenye nafasi ya meta za ujazo zaidi ya milioni 660, huyapokea mafuriko. Pampu huyainua maji kutoka humo, kwa kimo kinachoweza kupita meta 50, hadi kwenye usawa wa handaki. Handaki huyapeleka mashariki polepole, kiangazi na baridi. Mabwawa ya Horsetooth na Carter Lake, mashariki, huyapokea na kuyaweka mpaka Julai na Agosti. Kiungo kimoja kikiondolewa, vilivyobaki hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Ndiyo maana mradi wa namna hii haujengwi kwa akiba ya mwaka hata mwaka. Ulihitaji mkopaji mmoja mkubwa na mkopeshaji mwenye subira.

Kumtafuta mkopaji

Mkopeshaji alikuwako. Sheria iliyotiwa saini na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1902 iliiruhusu serikali kuu ya Marekani kujenga mabwawa na mifereji katika majimbo makavu ya magharibi, na wakulima kurudisha gharama kwa miaka kumi bila riba. Miaka kumi ikaonekana mifupi mno. Mwaka 1914 muda uliongezwa kuwa miaka 20, na mwaka 1926 ukafika 40. Ujenzi ulikabidhiwa idara iitwayo Bureau of Reclamation.

Mkopaji ndiye aliyekosekana. Maji ya mashariki yalisimamiwa na makampuni mengi madogo ya mifereji, kila moja ikiwa mali ya wakulima wake na kila moja ikilinda haki zake kwa wivu. Hakuna hata moja ambayo ingeweza kutia saini deni la mamilioni. Lakini kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa kwamba mapato ya mkulima hupungua sana mwaka uleule ambao deni humlemea, yaani mwaka wa ukame au wa bei mbaya. Mkopeshaji yeyote mwenye akili angetaka chanzo kingine cha fedha, kisichotegemea mavuno.

Mwaka 1937 bunge la Colorado lilipitisha sheria ya kuunda wilaya za maji, na mwaka huohuo ikaundwa Northern Colorado Water Conservancy District. Wilaya ya namna hii si sehemu ya utawala wa kawaida, haina mkuu wa wilaya wala polisi. Ni chombo cha umma chenye mipaka, bodi, uwezo wa kufunga mikataba na, muhimu kuliko yote, uwezo wa kutoza kodi ya mali. Mipaka yake ilizunguka mashamba pamoja na miji. Mwenye duka la viatu, ambaye hakumwagilia hata bustani ya mchicha, alitakiwa naye kulipa kodi isiyozidi dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani ya mali yake iliyokadiriwa. Hoja iliyotolewa ni kwamba mazao yakikauka shambani, viatu navyo havinunuliwi mjini. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli, ingawa si vigumu kumwelewa mwenye duka aliyeguna.

Mkataba wa mwaka 1938

Mkataba wa kurudisha gharama ulitiwa saini mwaka 1938, baada ya kuidhinishwa kwa kura ya wakazi. Mradi mzima ulikadiriwa kugharimu dola milioni 44. Wilaya ilikubali kubeba kama nusu yake, kwa miaka 40, bila riba. Nusu nyingine ilitarajiwa kulipwa kwa mauzo ya umeme. Kisha kikawekwa kifungu ambacho kwa mtazamo wa leo ndicho kilicholeta faida kubwa kuliko vyote: hata gharama zipande vipi, wilaya haitalipa zaidi ya dola milioni 25.

Zikapanda. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilisimamisha kazi kwa muda, ikavuruga upatikanaji wa vifaa na kuongeza bei. Handaki lilitobolewa mwaka 1944, maji ya kwanza yakapita mwaka 1947, na mradi ukakamilika katika miaka ya 1950 kwa gharama ya kama dola milioni 164. Sehemu ya wilaya, iliyoanza ikiwa nusu, ikaishia kuwa asilimia 15.

Faida ya pili ilijificha ndani ya maneno mawili, bila riba. Mtu asiyezoea hesabu za mikopo huweza kudhani kwamba msamaha wa riba ni hisani ndogo tu. Hebu zipimwe tarakimu. Dola milioni 25 zikigawanywa sawasawa kwa miaka 40 ni dola 625,000 kwa mwaka. Lau mkopo huohuo ungetozwa riba ya asilimia 4, malipo sawa ya kila mwaka kwa miaka 40 yangekuwa karibu dola 1,263,000, na jumla yake ingepita dola milioni 50. Riba isiyo kubwa huongeza mzigo maradufu, kwa sababu ya urefu wa muda. Kwa maneno mengine, katika mkopo wa miaka 40 usio na riba, mkopeshaji humzawadia mkopaji kama nusu ya mkopo wenyewe, ijapokuwa vitabu vya hesabu vitaonyesha kwamba kila dola ilirudishwa.

Maji yaligawanywa katika hisa 310,000. Malipo ya dola 625,000 ni kama dola 2 kwa hisa moja kwa mwaka, na mkulima hakutozwa hata hizo. Ada yake iliwekwa kuwa dola 1.50, na pengo likazibwa na kodi ya mali. Sasa hesabu ifanywe kinyume. Kama wakulima peke yao wangalibebeshwa dola zote milioni 164, kwa riba ya asilimia 4 na miaka 40, kila hisa ingedaiwa kiasi cha dola 26 na senti 70 kwa mwaka. Tofauti kati ya 1.50 na 26.70 ndiyo inayoeleza kwa nini bwawa lilijengwa. Kwa wakulima wa miaka ile, ada ya pili isingelipika, na mradi ungebaki katika makaratasi.

Pengo hilo halikuzibwa na upepo. Sehemu yake ilibebwa na hazina ya taifa, yaani walipa kodi wa Marekani nzima, walioacha riba yao. Sehemu nyingine ilibebwa na wanunuzi wa umeme. Maji yakiisha kutoka handakini huteremka kuelekea uwandani kwa kimo cha karibu meta 900, na njiani hupita katika vituo kadhaa vya kuzalisha umeme. Maji yaleyale, kabla hayajafika shambani, yamekwisha kuuzwa mara moja kama nguvu. Kwa msomaji wa fizikia jambo hili lina ladha yake: pampu ya Granby hutumia umeme kuyainua maji makumi ya meta, na milima huurudisha mara nyingi zaidi kwenye mteremko wa mashariki. Bila mteremko huo, hesabu za mkataba zisingesimama.

Bwawa la wasiopata maji

Wakazi wa magharibi walikuwa na swali lao. Maji yakichukuliwa kwao, wao wapewe nini? Mbunge wao katika bunge la taifa, Edward T. Taylor, alishikilia kwamba mradi usipewe fedha mpaka magharibi ipate hifadhi ya kufidia kile kitakachoondoka. Matokeo yake ni bwawa la Green Mountain, lenye nafasi ya karibu meta za ujazo milioni 190, ambalo lilijengwa kwanza, kati ya mwaka 1938 na 1943. Gharama zake ziliingizwa katika mradi mzima. Wakulima wa mashariki, pamoja na wote waliowasaidia kulipa, walijenga basi bwawa ambalo maji yake hayatafika mashambani mwao kamwe. Wapo walioliona hilo kuwa ni fedha za kutupwa. Ukweli ni kwamba lilikuwa ni sehemu ya bei ya maji, na mpango wowote wa fedha unaoiacha sehemu hiyo nje hukutana nayo baadaye, mahakamani.

Hisa zinahama

Ukame mkali wa mwaka 1954 ulikuta mradi haujakamilika, lakini maji yake yaliokoa sehemu kubwa ya mazao. Tangu hapo thamani ya hisa ikaanza kujulikana.

Hisa moja si kiasi kilekile cha maji kila mwaka. Ni sehemu moja kati ya 310,000 ya kile bodi itakachoamua kugawa. Kila Aprili, baada ya kupima theluji iliyolundikana milimani na maji yaliyo mabwawani, bodi hutangaza mgawo. Mgawo wa asilimia 70 maana yake ni kwamba kila hisa itatoa ekari-futi 0.7. Aghalabu mgawo huwa mkubwa zaidi pale mito ya mashariki inapokuwa maskini, kwa kuwa mradi ulianzishwa uwe nyongeza ya mito hiyo na si badala yake.

Hisa hizi zina sifa nyingine, isiyo ya kawaida katika majimbo makavu ya Marekani. Zaweza kuuzwa kutoka mtu hadi mtu mahali popote ndani ya mipaka ya wilaya, kwa idhini ya bodi, bila kesi ndefu mahakamani. Sababu yake ni ya kisayansi kama ilivyo ya kisheria. Katika mto wa asili, maji yanayotiririka kutoka shamba la juu ndiyo haki ya shamba la chini, hivyo kuyahamisha maji ya mmoja ni kumdhuru mwingine. Maji ya Colorado-Big Thompson ni mgeni aliyetoka bonde jingine, na wilaya ilijiwekea tangu mwanzo haki juu ya mabaki yake yanayorudi mtoni. Mnunuzi hana jirani wa kumpeleka mahakamani.

Miji ikakua, ikanunua. Mradi ulipokamilika, kama asilimia 85 ya hisa zilikuwa mikononi mwa kilimo. Leo sehemu kubwa ni mali ya miji na viwanda, na hisa iliyopatikana zamani kwa ahadi ya kulipa ada ya dola 1.50 kwa mwaka huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Msaada uliotolewa na umma kwa ajili ya kilimo umegeuka kuwa mali binafsi ya aliyekuwa na hisa siku ya kuuza. Baadhi ya wachambuzi huliona hilo kuwa kasoro kubwa ya mkataba wa 1938. Watetezi wake hujibu kwamba wakazi wa miji walilipa kodi ya mali tangu 1937, kwa hiyo maji yamewafikia walioshiriki kuyalipia. Pande zote mbili zina haki kwa kiasi chake, ila mjini mtu hulipa mara mbili, kwanza kwa kodi, kisha kwa kununua.

Bwawa jipya, walipaji wapya

Mwaka 1985 ulikamilika mradi mwingine katika bonde hilohilo, Windy Gap, ambao washiriki wake walikuwa hasa miji na ambao ulitegemea nafasi ya akiba katika Granby. Kasoro yake ilijitokeza upesi. Katika mwaka wa mvua nyingi, Granby hujazwa na maji ya mradi wa kwanza, na maji ya Windy Gap hukosa pa kuwekwa. Katika mwaka wa ukame, haki yake, ambayo ni changa, haifikiwi na zamu. Washiriki walikuwa na haki ya maji, pampu, bomba na deni, lakini miaka mingine hawakupata kitu. Haki ya maji isiyo na mahali pa kuyaweka ni kama stakabadhi ya ghala ambalo halijajengwa.

Ili kuziba pengo hilo, ujenzi wa bwawa la Chimney Hollow, mashariki ya milima, ulianza mwaka 2021. Nafasi yake ni ekari-futi 90,000, sawa na meta za ujazo milioni 111, na ukuta wake mkuu, wenye kimo cha zaidi ya meta 100, una kiini cha lami badala ya udongo wa mfinyanzi. Walipaji ni kumi na wawili: miji tisa, wilaya mbili za maji ya vijijini na shirika moja la umeme. Fedha zimetoka katika akiba zao, hati za mkopo zilizouzwa sokoni, na mkopo wa serikali ya jimbo. Hapa hakuna hazina ya taifa iliyokubali kungoja miaka 40 bila riba, wala kikomo cha kumkinga mshiriki gharama zinapopanda.

Katika orodha hiyo hakuna kampuni hata moja ya mifereji ya wakulima, na hesabu inaonyesha sababu. Kila dola 1,000 za ujenzi kwa ekari-futi moja ya maji, zikikopwa kwa riba ya asilimia 4 na kulipwa kwa miaka 40, hudai kama dola 50 kila mwaka, nazo gharama za mabwawa ya siku hizi hupita dola 1,000 kwa ekari-futi mara kadhaa. Mji huweza kuligawa deni hilo katika ankara za maelfu ya nyumba, ambazo kila moja hutumia sehemu ndogo ya ekari-futi. Mkulima wa mahindi anahitaji ekari-futi moja au zaidi kwa kila ekari ya shamba, na bei ya mahindi hapangi yeye.

Hata hivyo mashamba mengi ya wilaya bado yanamwagiliwa kwa maji ya mradi wa 1938. Miji hununua hisa kwa kuhesabu mahitaji yake ya miaka mingi ijayo na mwaka wa ukame mbaya kabisa. Katika miaka ya kawaida hubakiwa na ziada, ikaikodisha kwa wakulima kwa msimu mmoja mmoja. Kiasi cha ziada hakijulikani mpaka bodi itangaze mgawo wake mwezi Aprili, na wakati huo mbegu imekwisha kununuliwa, na pengine imekwisha kutiwa ardhini.